Ukuta Ulioishia Mstari wa Juu

Runingu, karibu na Uvira
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu, wewe na Baba na wote wanaokaa ndani ya lupango letu huko Albertville. Mguu wako unaendeleaje? Bado unavimba ukisimama sana sokoni? Na kikohozi cha Baba kimepungua, au moshi wa gari moshi umekirudisha? Mimi mwili wangu ni mzima. Homa ilinishika mwezi wa tisa, nikapewa kinini, ikaondoka. Ninakula, usiogope.

Mjomba Kasiani alinipa salamu zako, pamoja na swali lako kama nimekufa au nimeolewa. Nisamehe, Mama. Nimeanza barua hii mara nne. Nilitaka kukuandikia habari njema, nikawa nazingoja, na hazikuja. Leo naandika zilizopo. Anjelina akikusomea, mwambie dada yangu asome polepole na asiruke mahali hata kama ataona aibu kwa ajili yangu.

Unajua nililetwa huku kwa sababu ya mwandiko. Mjomba alisikia kule bandarini Kalundu kwamba buro ya kilimo ya Uvira inatafuta msichana aliyemaliza shule, anayeandika vizuri. Makarani wao wote ni wanaume, na wanawake wa bonde hili wakiwa mbele ya karani hutazama chini na kujibu ndiyo kwa kila kitu. Bwana agronomi, Mbelgiji anayesimamia mashamba, alisema msichana watamweleza. Ndiyo maana nilichukuliwa mimi, ambaye hata shuleni masista walikuwa wakiniambia niseme kwa sauti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka juzi jua lilikausha pamba ikiwa bado maua. Mwaka jana mvua ikaja yote pamoja, mto Runingu ukaacha njia yake na kupita mashambani. Basi Leta, yaani serikali, ikatoa pesa. Ujengwe ukuta kando ya mto, wa mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya, na mtaro wa kupitisha maji, ili mvua kama ile ikirudi watu wasipoteze tena. Lakini pesa ya Leta ina masharti yake. Ukuta unapimwa kwa mashamba, na kila shamba lazima liwe na mwenyewe aliye katika kitabu cha Uvira, ili watu wa nyumba yake watoe siku za kazi. Zamani kila shamba lilikuwa na kigingi chenye namba. Vigingi vilichukuliwa na maji yale yale. Ikabaki jina peke yake kuonyesha shamba ni la nani.

Mashamba ya hapa yamekatwa mistari miwili kando ya mto, wa juu upande mto unakotoka, wa chini unakoelekea. Mstari wa juu walipewa vijana, nao wapo, walikuja wenyewe wakataja majina yao. Mstari wa chini ndio wa kwanza kugawiwa, walipewa wazee. Wazee hao wamekufa, watoto wao wa kiume wengi wako Usumbura wanatafuta kazi, na wanaolima ni wake za hao watoto. Yaani wakwe. Mmoja wao ni Mama Spesioza, ambaye ninakaa kwake. Ni mjane bado kijana, ana watoto wawili wa kike, Rejina na Konsolata. Katika lupango lake anakaa pia mama mkwe wake, ambaye sisi sote tunamwita Bibi, na shemeji yake Melkiori, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, pamoja na mkewe. Melkiori ana shamba lake mstari wa juu. Shamba la marehemu baba yake, lililo chini, analima Spesioza, na watoto wake wanakula humo.

Siku ya kuandika, waliniwekea meza kwenye ukumbi wa depo ya pamba. Wanaume walikuwa kwenye mizani, kama hatua arobaini kutoka kwangu. Wanawake wa mstari wa chini walikuwa saba, wakaja pamoja.

"Shamba iko ya nani?" nikamuuliza wa kwanza, maana ndivyo nilivyofundishwa kuuliza.

"Iko ya muzee."

"Muzee gani?"

"Muzee wa kwetu."

Wenzake wakacheka. Nikamuuliza jina la huyo muzee. Akafunika mdomo kwa kitambaa, akatazama pembeni kama nimemvua nguo. Mama Adela, jirani yetu mnene ambaye hanyamazi hata kanisani, akaniinamia.

"Weye mutoto, bado haujaolewa. Siku utaita baba mukwe jina, utakuja utuambie meno yako yamebakia wapi."

Hapo nikaelewa. Huku mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wake, hata akiwa kaburini. Kwetu pia kuna heshima, lakini si kwa ukali huu. Nikaona haya kuuliza tena. Nikaandika "Mzee wa nyumba ya Spesioza", "Mzee wa nyumba ya Adela", na hivyo hivyo mpaka wa saba. Nilifikiri wa Uvira wataelewa kwa kuwa hapa kila mtu anaelewa. Mama, ningetembea tu hatua zile arobaini, Melkiori angenitajia jina la baba yake, na wanaume wengine wangenitajia yote saba kabla sijamaliza kukunja karatasi. Sikwenda. Tangu asubuhi walikuwa wakinitazama na kuchekeana kwa sababu ya viatu vyangu vya shule, na mimi sikutaka kupita mbele yao.

Bwana agronomi alipopokea listi alimwonyesha karani wake mwandiko wangu, akasema hivi ndivyo anavyotaka karatasi zote. Nilifurahi sana. Barua ya kwanza niliianza siku hiyo, nikasema nitaimaliza ukuta ukianza.

Ukuta ulianza mwezi wa nane. Malori yalileta waya, mawe tukayatoa mtoni. Wanawake wa mstari wa chini walibeba mawe kama wengine wote, hakuna aliyewaambia wasibebe. Mama Spesioza alibeba majuma matatu. Jioni alikuwa akikaa chini, Rejina akimkanda shingo, naye akisema, "Kichwa yangu imekuwa barabara ya lori." Alikuwa na furaha. Alikwisha kuonyesha watoto mahali atakapopanda maharagwe, karibu kabisa na mto, mahali ambapo mwaka jana hakuthubutu.

Asubuhi moja kapita Bonifasi, msimamizi wa kazi, akaja na mti wenye kitambaa chekundu. Akauchomeka pale mstari wa juu unapoishia.

"Ukuta inaishia hapa," akasema.

"Na sisi?" akauliza Spesioza. Alikuwa bado na jiwe kichwani.

"Huko chini hakuna wenyewe."

"Minye niko nini, kapita? Niko mbuzi?"

"Usigombane na minye. Listi ndiyo imesema."

Akanitazama mimi. Spesioza hakunitazama, kwa sababu hakujua listi inaweza kusema nini. Mimi nilijua papo hapo. Niliokota jiwe langu nikalipeleka lilipokuwa likienda.

Usiku sikulala, na kesho yake nilikwenda Uvira kwa miguu, nikapita Kavimvira kabla jua halijawa kali. Karani wa buro alifungua listi yangu mezani. Ni mtu wa Kindu, mwenye masihara.

"Mzee wa nyumba ya Spesioza," akasoma. "Mzee wa nyumba ya Adela. Mademoiselle, kitabu yetu haina mutu wa jina hii. Sisi tulisema ni watu wamelima bila ruhusa. Tukakata."

Nikamweleza. Akaweka mkono kwenye sikio.

"Sema kwa nguvu. Ni weye unalia ao ni mbu?"

Bwana agronomi akatoka chumbani kwake. Nikamweleza yeye, kwa Kifaransa. Akauliza ni nani aliyeandika listi. Nikasema ni mimi. Akasema, "Nilikuchukua ili uulize." Hakunigombeza zaidi ya hapo. Kisha akasema kila mwanamke anayelima aje mwenyewe kabla ya Jumamosi, ataje jina lililo kitabuni na kutia kidole. Nikasema kapita anaweza kuyataja yote. Akakataa. Alisema mwaka uliopita kapita alitaja wenye mashamba kumbe watu hao hawapo, na sasa hasikii isipokuwa kwa kinywa cha mwenye jembe. Nikamweleza kwa nini kinywa hicho hakiwezi. Akasema, "Mambo ya nyumbani siyo kazi ya buro."

Nikarudi nikawaambia wanawake. Na kosa langu niliwaambia, lakini kwa sauti ndogo, sijui ni nani aliyesikia. Sita walikataa. Mama Adela alisema maji yampeleke yeye na jembe lake, jina hilo hatalitaja. Jioni Spesioza alikwenda kupiga magoti mbele ya Bibi, aliyekuwa akichambua samaki wadogo wa ndagala kwenye ungo.

"Mama, nataka kwenda Uvira kusema jina ya muzee."

Bibi aliendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Minye nilizaa na ye watoto tisa. Sikumuita hata siku moja. Weye utamuita mbele ya muzungu?"

"Mama, mashamba ikienda, wajukuu wako nitawapikia nini? Nitawapikia heshima?"

Bibi akageuza kiti chake, akampa mgongo.

Ijumaa tulikwenda, Spesioza na mimi. Ndani ya buro kulikuwa na watu kwenye benchi, na mmoja wao alikuwa shemeji wa Mama Adela, amekuja kwa mambo ya kodi. Spesioza akasimama mbele ya meza, akatazama ardhi, akalitaja jina. Alilitaja kama mtu anayetema mwiba. Karani akasema hakusikia. Akalitaja mara ya pili kwa nguvu, na benchi nzima ikageuka kumtazama. Sitaliandika hapa, Mama, kwa sababu barua hii naiandika ndani ya lupango la huyo mzee.

Bwana agronomi akalitafuta kitabuni, akalipata, akapiga alama ya kalamu nyekundu. Akamshika kidole akakitia wino. Kisha akaniambia nimfasirie kwamba waya umekwisha na malori yamekwenda mto mwingine. Mwaka ujao, Leta ikitoa tena, shamba hili litakuwa la kwanza.

Nikasema, "Bwana, ulisema kabla ya Jumamosi."

"Nilisema nitaandika. Nimeandika."

Spesioza aliniuliza anasema nini. Nikamweleza. Aliangalia kidole chake chenye wino, akakipangusa kwenye kitambaa, akasema, "Basi tuende, watoto hawajakula."

Kabla hatujafika nyumbani habari ilikwisha kufika. Tangu siku hiyo Bibi hakupokea tena chakula kutoka mkononi mwake. Sahani ikipikwa na Spesioza, alingoja Rejina aishike ndipo ale. Na kwa kuwa alijua ni mama yake Rejina aliyepika, alikula kidogo tu kwa ajili ya mtoto.

Mvua ya mwaka huu ilikuja mwezi wa kumi na moja. Siku ile hapa kwetu palikuwa na jua, nguo zilikuwa zimeanikwa. Mvua ilikuwa inanyesha milimani, tuliona weusi tu. Saa tisa mchana mto ukashuka wa rangi ya matofali, na miti ndani yake. Ukuta ulisimama, Mama. Ulijengwa vizuri, hakuna jiwe lililotoka. Maji yalipiga ukuta, yakakosa pa kuingia, yakateremka yote pamoja mpaka pale ulipoishia, na hapo yakageuka. Mwaka jana yalitapakaa kila mahali, kila mtu akapoteza kidogo. Safari hii yalikuwa na mlango mmoja. Tulisimama kwenye tuta la mstari wa juu, miguu yetu mikavu, tukaangalia mihogo ya Spesioza inaondoka na udongo wake, kama mkeka unaovutwa. Mashamba yote saba. Hakuna mtu aliyekufa. Kwa Spesioza umebaki mchanga na mawe ya mtoni.

Nilifikiri watu watailaumu buro, au watanilaumu mimi. Hawakufanya hivyo. Walisema muzee ameitwa mbele ya wageni kama mbwa, naye amejibu. Hata Mama Adela, ambaye shamba lake lilikwenda bila yeye kutaja jina lolote, alisema ameponzwa na jirani. Wanawake waliobeba mawe pamoja na Spesioza wakaacha kuchota maji saa anayochota yeye.

Alhamisi iliyopita ukoo ulikutana uani kuamua juu ya Spesioza. Walikuja wazee wanne, na kapita Bonifasi, na Melkiori akasema kwa niaba ya nyumba. Mimi nilikuwa jikoni na Konsolata. Nilisikia wanauliza nani ana neno lingine. Nikatoka. Mama, wewe unanijua. Nilisimama mbele ya wanaume, nikasema kwa sauti ambayo hata jirani waliisikia. Nikasema kosa ni langu. Nikasema sikuuliza majina kwa sababu ya haya, na listi yangu ndiyo iliyokata ukuta, na Spesioza asingekwenda Uvira kama mimi ningetembea hatua arobaini. Nikasema kama kuna mtu wa kufukuzwa ni mimi.

Walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha Melkiori akasema, kwa upole kabisa, "Kaa chini, mutoto yetu. Weye uko mugeni. Ulikuja kufanya kazi ya watu wakubwa, haukujua. Hatuwezi kukamata mutoto wa wenyewe kwa mambo ya hapa."

Mzee mmoja akaongeza, "Tena mwandiko yake ni nzuri." Wengine wakatikisa kichwa kukubali. Wakaniletea kiti.

Kwa kunisamehe mimi, kosa likawa halina pa kukaa ila pale pale lilipokuwa. Nilikaa kwenye kile kiti, Mama, na sijawahi kukalia kitu kibaya kama kile.

Wameamua Spesioza aende kwao Makobola, kusini mwa Uvira, apumzike. Ndivyo wanavyosema, apumzike. Kila mtu hapa anajua kwamba aliyetumwa kupumzika namna hiyo haitwi tena. Watoto ni wa ukoo, watabaki na Bibi. Konsolata bado analala akishika sikio la mama yake.

Ataondoka keshokutwa, Jumanne. Nimeomba ruhusa buroni nimsindikize. Jana nilipomwambia, alikuwa akifunga masufuria yake. Alisema, "Utabeba chungu. Mawe nilibeba minye." Baadaye akasema, "Siku ile uani nilisikia sauti yako. Nikajiuliza, huyu naye alikuwa wapi." Hakusema kwa hasira. Nilitamani angesema kwa hasira.

Sasa naomba kitu. Kwao Makobola wana kipande cha mlimani, lakini hana mbegu, mihogo yake yote ilikwenda. Tafadhali nikatie vijiti vya ule muhogo wetu mtamu, ulio nyuma ya nyumba, mizigo miwili ya mkono. Funga kwa majani ya mgomba, umpe baharia anayemjua Mjomba, na meli ikifika Kalundu Mjomba atavipeleka. Usingoje mwisho wa mwezi, huku mvua bado ipo na vitashika.

Ulitaka nije Noeli. Sitakuja. Buro imenipangia mto mwingine huko juu, listi nyingine, meza ile ile. Bwana agronomi anasema wanawake sasa wamenizoea. Sikukataa, kwa kuwa nisipokwenda watapeleka karani.

Nilimwuliza pia juu ya ukuta. Akanionyesha kitabu, alama nyekundu ipo. Anasema pesa ya mwaka ujao ikitoka, mawe yatateremka mpaka kwenye shamba la yule mzee, wataondoa mchanga na kuweka udongo, na kwa kuwa jina limetajwa na kutiwa kidole, hakuna mtu atakayeweza kulikata. Mke wa Melkiori ndiye atakayelima. Amekwisha kuuliza ni lini.

Msalimie Baba, mwambie apumzike moshi walau Jumapili. Msalimie mama mdogo na mtoto wake mchanga ambaye sijamwona. Msalimie Sista wa darasa la sita, lakini usimsomee barua hii. Anjelina, asante kwa kusoma, kama umelia usimwambie Mama kwamba ni mafua. Mjomba Kasiani anawasalimu wote.

Ni mimi mtoto wako ambaye bado anaomba umwombee,

Felista